Kisanduku cha picha kimenyamaza? Usikiwashe tena

Ndani ya diski ya ordinatere kuna sahani zinazozunguka, na juu ya kila sahani kuna ngozi ya madini, nyembamba kupita vile mutu anaweza kuwaza: kobalti, iliyochanganywa na kromu na platini. Ni mu ngozi ile njo picha za harusi, nyimbo na karatasi za kazi zinaandikwa kwa nguvu ya sumaku. Kwa hiyo kobalti ambayo watu wa Kolwezi na Fungurume wanaitoa mu udongo inaweza kurudi mpaka ku meza ya salo yao, inabeba sura za watoto. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Lakini siku diski inakufa mu nyumba, wachache kati yetu wanajua cha kufanya, na mara nyingi kile wanachofanya kwanza njo kinamaliza kazi.

Tusemee hapa vile visanduku vidogo ambavyo vijana wanaofanya kazi mu machimbo wanavinunua na kuviweka nyumbani: seva ya nyumba, yenye diski mbili au ine ndani, yenye kutumikia telefone zote za familia. Baba anaweka karatasi zake, mama anaweka picha, watoto wanaweka filme. Kila kitu mahali pamoja. Njo uzuri wake, njo hatari yake.

Familia moja ya Kikula, mu Likasi, iliingia mu shida hii wakati mvua za kwanza zilipoanza. Baba ni mufanyakazi wa zamani wa Gécamines. Alitoka kati ya 2003 na 2004, mu ile operesheni ya kuondoka kwa mapenzi iliyogusa watu 10 655. Kontra yake, fishi za malipo, dekonti finale, karatasi za INSS (ile leo inaitwa CNSS), vyote vilikuwa mu sanduku la mbao, na muchwa ulikula sanduku. Kwa bahati, kijana wake wa pili, fundi umeme ku Fungurume, alikuwa amezipiga skana mbele ya pale, karatasi 63. Akaziweka mu seva. Mu seva ile ile kulikuwa video ya dakika 19 ya mama yao, aliyoifanya akiwa mugonjwa, akiongea na wajukuu mumoja-mumoja kwa majina. Sasa mama hayuko tena.

Usiku mumoja radi ilipiga, umeme ukaenda, ukarudi, ukaenda tena. Asubuhi taa ya seva ilikuwa nyekundu.

Kijana akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Mara ya ine, sikrini ikamuletea neno: «Initialiser». Alikuwa karibu kukubali. Dada yake mukubwa njo alimushika mukono: «Kama haujue ile neno inasema nini, usifinye.» Dada huyo anauzisha mukate ku soko na hajagusa seva hata siku moja, lakini siku ile alikuwa fundi kupita wote. «Initialiser» na «formater», pale, maana yake ni kupangusa ubao ili uandikwe upya.

Mutego wa namna hiyo uko tena mahali pengine. Seva nyingi za nyumba zinatumia Linux. Ukitoa diski yake na kuiunga ku ordinatere ya Windows, Windows haijue kusoma maandiko yale, inawaza kama diski ni tupu, na inakuomba ruhusa ya kuiformate. Kila kitu kiko pale ndani, salama, lakini inakuomba tu. Ukikubali, umeharibu wewe mwenyewe kitu ambacho radi ilikuwa imekiacha kizima.

Kosa la pili la familia hii lilikuwa la zamani. Kijana alisema: «Miye niliwaza kama diski mbili ni kusema kopi mbili.» Hapana. Siku ya kununua, seva ilimuuliza namna ya kupanga diski zake, mbili za tera 2. Angechagua kioo, kila kitu kingeandikwa mara mbili, lakini nafasi ingebaki tera 2. Alichagua kuziunga ili apate tera 4. Zikiungwa namna ile, seva inakata kila faili vipande vidogo, kipande kimoja huku, kipande kingine kule. Waza barua iliyoandikwa mu kaye mbili: mustari wa 1, 3 na 5 mu kaye hii, wa 2, 4 na 6 mu kaye ile. Vipande vikiwa vya kilo 64, picha moja ya mega 3 inakatwa mara 48. Kaye moja ikipotea, ile ingine inabaki na nusu ya barua, ni kusema bule.

Walifunga diski zote mbili mu nguo na kuzipeleka Lubumbashi, kwa fundi mumoja wa Kamalondo. Jambo la kwanza aliuliza haikuwa bei. «Batu banakuya na diski kisha kuijaribu mara makumi mbili,» anasema. «Miye naulizaka kwanza: mulizima saa ngapi? Kila mara munawasha diski yenye kugonjwa, njo munaikwangula.»

Anasema kweli. Sahani inazunguka mara 5 400 kwa dakika mu diski nyingi za nyumba, 7 200 mu zingine. Kichwa kinachosoma kinaruka juu yake bila kuigusa, kwa umbali wa nanometa chache tu, wakati nywele ya mutu ina unene wa karibu nanometa 80 000. Chembe moja ya vumbi ni mulima. Kichwa kikianza kugusa sahani, kinaikwangula ile ngozi ya kobalti, na kilichokwanguliwa hakuna programu ya kukirudisha.

Kwa hiyo sikiliza, lakini mara moja tu. Ikilia tak, tak, tak, shida iko ku kichwa: zima, peleka. Ikivuma kidogo bila kuzunguka, mota imekwama. Ikinyamaza kabisa, inawezekana ni umeme tu, alimantasio au ile karte ya kijani ya chini, na pale matumaini ni makubwa. Ila usidanganywe na mutu anayesema atatoa karte ya diski ingine ya aina moja na kuiweka ku yako: mu diski za siku hizi kila karte ina chipi yenye kubeba vipimo vya diski yake peke, na kama chipi ile haihamishwe, karte mupya haisaidie. Na ile hadisi ya kuweka diski mu frigo usiku muzima, iache. Ukiitoa, maji yanatokea ndani. Kufungua kifuniko ili kuangalia tu, mu mavumbi yetu ya kiangazi, ni kuzika.

Diski ya kwanza ya familia ya Likasi ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa inasoma, lakini pole pole, na mahali-mahali ilikuwa inakwama. Hapa fundi muzuri anajulikana kwa kile asichofanya: hakuanza kutafuta karatasi za baba. Alianza kufanya kopi ya diski nzima, mwanzo mpaka mwisho, ku diski mupya ya tera 8, bila kuandika hata herufi moja ku zile za zamani. Kazi yote ya kutafuta inafanywa ku kopi. Ukiharibu kopi, unafanya ingine. Ukiharibu ya asili, unalia.

Programu aliyotumia inaitwa ddrescue, ya Antonio Diaz Diaz. Ni ya bure. Akili yake ni kama ya muchimbaji muzoefu: inachukua kwanza yote iliyo rahisi, mahali pagumu inaparuka, halafu kisha kumaliza inarudi pole pole ku vile vigumu. Inafanya vile juu diski yenye kugonjwa inaweza kufa saa yoyote, basi heri mingi iwe imekwisha kutoka. Tena inaandika mu kikaratasi chake mahali ilipofika. Umeme ukikatika, haianze upya. Kwa sisi wa huku, jambo hilo peke linatosha kuipenda.

Diski nzima ilimaliza mu masaa 5 na nusu. Ile mbaya ilichukua siku 6, na umeme ulikatika mara tatu. Mu mwisho, mega 41 hazikusomeka ndani ya tera 2. Fundi akaunga kopi zote mbili kwa mupango wa kusoma tu, na mafolda yakatokea na majina yao. Ingekuwa majina yamepotea, kungebaki PhotoRec, ya Mufaransa Christophe Grenier, ambayo inatambua picha au karatasi kwa namna inavyoanza. Lakini inakurudishia rundo la faili bila majina, na kupanga picha elfu kumi kwa mukono ni kazi ya kiangazi kizima.

Karatasi 61 zilifunguka. Mbili hazikufunguka: fishi moja ya malipo ya zamani, na ukurasa wa pili wa dekonti finale. Bahati, ukurasa wa kwanza una namba ya dosie, na baba ameshaomba kopi mu ofisi kwa namba ile. Video ya mama ilifunguka. Ku dakika ya 14 sura inavunjika vipande-vipande kwa muda, sauti nayo inakatika, halafu inarudi. Wajukuu wawili majina yao yalikuwa pale. Mumoja wao ana miaka 9 na ameuliza kwa nini bibi alimuruka.

Wenye visanduku vya diski ine wasijicheke mapema. Mupango wao wa kawaida unastahimili kifo cha diski moja. Wazo hilo liliandikwa mu 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley, kule Marekani, kwa kuunga pamoja diski za bei ya chini. Lakini ukiweka diski mupya, seva inapaswa kusoma zile tatu zilizobaki zote, mwanzo mpaka mwisho. Kama ni za tera 4, ni tera 12. Watengenezaji wa diski nyingi za nyumba wanaandika kama kosa moja la kusoma linaweza kutokea mu kila tera 12 na nusu. Mara nyingi inapita vizuri, lakini diski zilizonunuliwa siku moja zimezeeka pamoja, na masaa yale marefu ya kusoma njo yanaangusha ya pili. Toa kopi ya vya lazima kwanza, kisha weka diski mupya.

Na kioo chenyewe hakilinde yote. Ukifuta picha, inafutika pande zote mbili. Radi na mwizi navyo vinachukua kisanduku chote. Mu 1998, kompanyi ya Pixar ilikuwa inatengeneza filme ya Toy Story 2. Amri moja ya kufuta ilitumwa vibaya, filme ikaanza kutoweka, na kopi zao za akiba zikaonekana hazitembee. Kilichowaokoa ni ordinatere iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa anafanyia kazi nyumbani sababu ya mutoto muchanga. Waliibeba mu motokari, imefungwa mu mablanketi. Filme ikatoka mu 1999.

Huku kwetu, kupandisha tera 2 ku intaneti kwa mega za kununua, hata usiwaze. Tenga karatasi na video. Karatasi 200 zilizopigwa skana, mega moja-moja, ni mega 200: zinaingia mu kle USB yoyote, tena mu telefone ya shangazi wa Kolwezi. Video ziwe ku diski ingine isiyokaa mu nyumba moja na seva, na isiyoungwa ku umeme. Kwa seva yenyewe, nunua onduleri, na mvua ikinguruma toa fishi. Angalia tena ripoti ya SMART ambayo seva inatoa: namba 5 na namba 197 zinahesabu mahali palipoharibika na panapongoja. Zikianza kupanda wiki kwa wiki, usingoje taa nyekundu.

Kama imeshafika kwa fundi, andika ku kila diski namba ya mahali ilipokaa mu kisanduku, kwa kalamu ya feltre, na umwambie sauti uliyosikia na mara ngapi uliwasha. Muulize mambo matatu mbele ya kuacha diski: atafanya kopi kwanza? Diski ya kopi ni ya nani kisha kazi? Na asipopata kitu, utalipa kiasi gani? Yule wa Kamalondo analipisha kuangalia tu, na bei ya kazi anaisema akishaona. Akikuambia ataifungua pale pale ku meza, mbele yako, ili uone mwenyewe, chukua diski yako urudie nyumbani.