Irqun-nasaa: Maradhi ya kiuno hadi kisigino na rukhsa ya mgonjwa



Kila ufikapo msimu wa korosho, tuendapo Masasi na kupanda Newala, hatukosi kuulizwa swali moja mara tu baada ya sala ya Ijumaa. Muulizaji huja taratibu, mkono mmoja kiunoni, mguu mmoja akiuvuta. Hueleza kwamba maumivu humwanzia kiunoni, yakapita kwenye kalio, yakashuka nyuma ya paja hadi kwenye shavu la mguu, na siku nyingine hufika vidoleni. Huwaka kama moto, au hushtua kama aliyeguswa na umeme, kisha huacha ganzi. Akikohoa au kupiga chafya huzidi. Mwisho huuliza mambo mawili: je, nimerogwa? Na je, sala yangu yasihi ilhali siwezi kurukuu wala kusujudu?

Maswali haya mawili yanastahili majibu marefu kuliko yale yanayotolewa barazani mwa msikiti watu wakiwa wanatafuta viatu vyao.

Tuanze na maradhi yenyewe. Waarabu wa zamani waliyaita irqun-nasaa, wakikusudia mshipa utokao nyongani kwenda kisiginoni. Madaktari wa leo huyaita siatika. Si maradhi ya jana wala juzi. Wafasiri wengi wa Qur'an, walipoieleza aya ya 93 ya Surat Aal Imran inayotaja chakula alichojiharimishia Israili, yaani Nabii Yaaqub (A.S.), wamepokea kwamba alishikwa na maradhi haya haya, akakesha kwa maumivu, akaweka nadhiri kuwa akipona ataacha chakula akipendacho kuliko vyote, nacho kilikuwa nyama ya ngamia na maziwa yake. Mayahudi washikao dini yao hadi leo hawali mshipa huo wa mnyama. Basi mgonjwa wa Newala anayedhani kwamba yeye peke yake ndiye aliyelengwa na ajue kwamba waliomtangulia katika maumivu haya wamo Mitume.

Ibn Sina ameyaandikia katika kitabu chake cha tiba. Mwaka 1764 tabibu wa Kiitalia, Domenico Cotugno, aliandika kitabu akiyatenga maumivu yatokayo kwenye mshipa wa fahamu na yale yatokayo kwenye kiungo cha nyonga. Hata hivyo ilikuwa mwaka 1934 ndipo madaktari wawili wa Marekani, Mixter na Barr, walipoonyesha sababu iliyo kubwa zaidi. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo Mwenyezi Mungu ameweka kisahani cha gegedu, ambacho wengi sasa hukiita diski, ili pingili zisisagane. Kisahani hicho kikichoka au kikielemewa hupasuka, na ute wake wa ndani husukumwa nje ukagusa mizizi ya mshipa wa fahamu. Mshipa huo ndio mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini. Hukusanyika kutoka sehemu ya chini ya mgongo, ukapita kwenye kalio na kushuka mguuni. Kwa hiyo kidonda kiko kiunoni, lakini kilio hutoka mguuni. Ndiyo maana mtu husugua mafuta kwenye paja mwaka mzima asione nafuu.

Zipo sababu nyingine, kama kubana kwa njia ya mishipa kwa ajili ya uzee, na ujauzito nao huweza kuleta maumivu yanayofanana na haya. Hatutazirefusha.

Sasa mtazame mkazi wa uwanda wa Makonde na kazi zake. Ardhi ya juu ni ya mchanga unaoyanywa maji yote ya mvua. Hakuna mito, na chemchemi ziko chini kwenye mabonde na miteremko. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, enzi za mkoloni, kwa sababu hiyo hiyo. Mabibi zetu waliteremka ngema alfajiri na kupanda nayo jua likiwa limewaka. Hata pale bomba lilipofika, bomba likikauka mwanamke hurudi kwenye ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kichwani, au huinama kwenye kisima cha kuhifadhia maji ya mvua akivuta kamba. Mwanamume naye, kati ya Mei na Agosti, hubeba mashine ya kupulizia salfa mgongoni, injini ikimtetemesha kutoka mti hadi mti. Kuanzia Septemba au Oktoba korosho huanguka, na korosho haiokotwi kwa kusimama: mtu huinama, akaokota, akaitenga na bibo, akasogea, akainama tena, mpaka jioni. Kisha gunia lipelekwe kwenye ghala la chama cha msingi, na gunia la korosho hukaribia kilo 80. Vijana hulitupa begani kwa kujionyesha. Mgongo hauna habari na sifa hizo.

Tumeyataja haya kwa urefu kwa sababu ndiyo jibu la swali la kwanza. Mwenye kazi hizi kwa miaka 20, kisha asubuhi moja akainama kufunga kamba ya kiatu na kushindwa kuinuka, hahitaji mchawi wa kumweleza kilichompata. Lakini huambiwa amekanyaga dawa iliyotegwa njiani, au ametupiwa kipapai. Mguu mmoja tu unauma, watu husema, mwingine mzima. Itakuwaje maradhi ya kawaida yachague mguu? Jibu ni kwamba ute wa diski hutoka upande mmoja mara nyingi, ukabana mzizi wa upande huo. Basi.

Tunaikemea dhana hii kwa ukali, na hatuoni haya kuikemea, kwa maana ina madhara mawili. Kwanza, fedha ya korosho ambayo ingelipa nauli ya hospitali na ada ya watoto huishia kwa mpiga ramli, naye Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba mwenye kumwendea mtabiri na kumwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Pili, na hili ndilo linalovunja nyumba, mpiga ramli hawezi kula fedha bila kutaja mtu. Atamtaja nani? Atamtaja bibi kizee jirani, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko, ambaye pengine naye anaumwa kiuno. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, kama ambavyo ingekuja kwa mapenzi ya Mungu bila ya ramli, mganga akasifiwa, na bibi yule akabaki na jina la uchawi hadi kaburini.

Wapo tena wauzao mafuta ya mkia wa kondoo kwenye vichupa, wakisema hii ni tiba ya Mtume. Ni kweli kwamba Ibn Majah amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) hadithi itajayo mkia wa kondoo wa jangwani, uyeyushwe, ugawanywe mafungu matatu na kunywewa kwa siku tatu kabla ya kula kitu. Lakini mwenye kuuza hadithi yampasa awasome na wanachuoni walioisherehesha. Imamu Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameeleza wazi kwamba maneno ya Mtume katika tiba yako ya aina mbili: yaliyo kwa watu wote, na yaliyo kwa watu wa mahali maalumu kwa hali ya nchi yao na chakula chao. Hadithi hii ameiweka katika aina ya pili: wanaosemeshwa ni watu wa Hijazi na majirani zao, hasa mabedui, na kondoo wenyewe ni wale waliokula majani ya jangwa lile. Kama mwanachuoni mkubwa hivyo alijizuia kuifanya tiba ya kila mtu, mchuuzi wa stendi anapata wapi ujasiri huo? Na mwenye shinikizo la damu au moyo mdogo asithubutu kunywa mafuta mengi kwa kubahatisha.

Kupigwa chuku tunakujua, nako kumo katika sunna. Anayefanya na afanye kwa wembe mpya na vyombo safi, akijua kwamba hakuirudishi diski mahali pake. La hatari zaidi ni sindano za dukani. Mtu huingia kwenye duka la dawa akichechemea, akachomwa sindano ya maumivu kwenye kalio na mtu asiye muuguzi. Sindano ikichomwa mahali pasipo pake kwenye kalio huweza kuujeruhi mshipa huu huu tunaouzungumzia, na mtu aliyeingia na maumivu akatoka na mguu uliopooza.

Tufanye nini basi? Sisi wenyewe tumeishi na maradhi haya kwa miaka kadhaa, na tunayoyasema tumeyasikia kwa madaktari kisha tukayaonja. Jambo la kwanza ni subira yenye hesabu: wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi miezi mitatu bila kupasuliwa, na ute uliotoka mara nyingi husinyaa wenyewe. La pili linawashangaza wengi: usilale kitandani wiki nzima. Zamani wagonjwa waliamriwa kulala; leo imebainika kwamba kulala sana hakuponyi, na misuli hulegea. Pumzika siku moja au mbili maumivu yakiwa makali, kisha tembea hatua chache uwanjani, urudi, utembee tena. Mwendo mfupi wa mara nyingi ni bora kuliko mrefu wa mara moja.

Kitanda cha kamba kilicholegea katikati ni adui. Afadhali kuzikaza kamba, au kulala kwenye godoro juu ya mkeka. Lala kwa ubavu, magoti umeyakunja kidogo, na mto katikati ya magoti. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, kikawekwa kiunoni robo saa, hulegeza misuli. Wengine hupata raha kwa kulala kifudifudi na kujiinua taratibu kwa viwiko. Mguu ukizidi kuuma, acha. Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni husaidia baadhi ya watu kwa siku chache, lakini huchubua tumbo na kuumiza figo vikizoeleka, na havinywewi tumbo tupu. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa asiyoweza kuiacha mchana wa Ramadhani ana ruhusa ya kula na kulipa.

Kisha kazi. Jembe na litiwe mpini mrefu. Korosho iokotwe kwa kupiga goti au kwa kuketi juu ya kigoda, si kwa kukunja mgongo kutwa. Gunia ligawanywe mara mbili, na ndoo ya lita 20 iwe mbili za lita 10, au ipande baiskeli. Hapa tuna neno na waume na wakwe: mwanamke mwenye maumivu haya akiomba kupumzika kuchota maji huambiwa mvivu, kwa kuwa hana jeraha linaloonekana. Maumivu ya mshipa hayaonekani kwa macho. Kumtuhumu mgonjwa uongo ni dhulma, na mume mwenye miguu miwili mizima hakuharamishiwa kubeba ndoo.

Zipo dalili ambazo hazisubiri wiki sita. Ganzi ikishika sehemu za siri na mahali pa kukalia, au mkojo ukizuilika au kutoka bila hiari, au haja kubwa vivyo hivyo, au wayo ukilegea ukawa unaburuzwa, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana, kwani kuchelewa kwa saa chache huweza kumwachia kilema cha maisha. Homa, kukonda, jasho la usiku na maumivu yasiyopungua hata kwa kulala nayo yachunguzwe mapema. Kifua kikuu huingia hata kwenye pingili za mgongo, na kwa wazee wanaume saratani ya tezi dume huweza kuanza kulia kiunoni. Ipo Mkomaindo mjini Masasi, ipo Ndanda, ipo hospitali ya wilaya ya Newala. Linalozishinda hupelekwa Mtwara, au kwenye Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam.

Tumalizie swali la pili. Imran bin Husain (R.A.) alikuwa na bawasiri, akamwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya sala yake. Aliamriwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Hadithi hii imo katika Bukhari. Kwa hiyo asiyeweza kuinama lakini anaweza kusimama, asimame katika kisomo, kisha ainame kwa kadiri awezavyo, na sijda aiashirie kwa kuinama zaidi kuliko rukuu. Akihitaji kiti kwa sijda na vikao, akitumie kwa hayo, asikikalie sala nzima kama kusimama hakumdhuru. Kukalia mguu katika tahiyatu ni sunna. Mwenye mguu usiokunjika aunyooshe, na sala yake ni kamili.

Tumewaona wazee walioacha kuja msikitini kwa kuona haya kukaa kwenye kiti mbele ya vijana. Maimamu wa Masasi na Newala wawawekee viti viwili vitatu mwishoni mwa safu, bila ya mzee kuomba. Na anayeshindwa kuinama kuosha miguu, mwanawe au jirani yake ammiminie maji na kumwosha. Udhu wake ni sahihi.