Je, Wajua? Chai ya Rangi na Chuma cha Maharage

Je, wajua kwamba chuma chote kilichomo mwilini mwa mtu mzima ni gramu tatu au nne tu? Theluthi mbili hivi imo kwenye damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, zikichakaa huvunjwa, na chuma chake hurudishwa kwenye uboho kutengeneza nyingine. Kwa sababu ya ubahili huo, utumbo huchukua miligramu moja au mbili tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Tena mwili hauna njia maalumu ya kukitoa chuma kikizidi, kwa hiyo ulinzi wote umewekwa mlangoni: ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, inayouambia utumbo lini ufungue na lini ufunge.

Mlangoni hapo ndipo chai inapoharibu mambo. Tanini zake hushikana na chuma cha maharage, mboga na nafaka, kikapita moja kwa moja hadi chooni. Kikombe kimoja kikinywewa pamoja na mlo wa namna hiyo huweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Maziwa hayaokoi jahazi, maana kalsiamu yake nayo huzuia chuma. Chuma cha nyama na samaki hakisumbuliwi sana na tanini, ila wengi wetu nyama tunaiona kwa nadra, na chai tunainywa kila siku. Usiiache chai, isubirishe saa moja au mbili baada ya kula.

Ndimu hufanya kinyume chake. Vitamini C hukigeuza chuma cha mimea kuwa katika hali ambayo utumbo unaipokea kwa urahisi. Kamulia ndimu kwenye sahani, si kwenye sufuria inayotokota, kwani moto huiharibu vitamini hiyo. Kachumbari ya nyanya na pilipili hoho nayo hufanya kazi ileile.

Je, wajua kwamba mbuzi hahitaji ndimu? Ini lake hujitengenezea vitamini C. Binadamu, nyani na simbilisi hawawezi, na ndiyo maana mabaharia wa zamani waliokaa muda mrefu bila matunda walivuja damu kwenye fizi hadi wakafa. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia wagonjwa 12 katika makundi sita ya tiba mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka.

Waliobuni mchicha wa nazi hawakusubiri maabara. Vitamini A, D, E na K husafiri ndani ya mafuta, na mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi tu huondoka na sehemu kubwa ya faida yake. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, vilivyowapatia Mganda Robert Mwanga na wenzake Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, navyo hupenda karanga au mafuta kidogo pembeni.

Vidonge vina mitego yake. Zinki ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu huuzuia utumbo kufyonza shaba. Shaba ikipungua, damu nayo hupungua, na mgonjwa anaweza kuongezewa chuma bila nafuu yoyote.

Lakini kisa kinachonishangaza kuliko vyote kinatoka Kongo. Tezi ya shingoni huhitaji madini joto ili itengeneze homoni, na vimeng'enya vyenye seleni ndivyo huiamsha homoni hiyo ifanye kazi. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta rovu kwa wingi. Baadaye ilibainika kwamba mihogo isiyolowekwa na kukaushwa vizuri huzidisha tatizo: sumu yake, mwili ukishaibadilisha, huyazuia madini joto kuingia kwenye tezi. Huko Ubangi, kaskazini mwa nchi, watu walipungukiwa na madini joto na seleni kwa pamoja. Karibu na mwaka 1990 baadhi yao walipewa seleni peke yake. Homoni zao zikashuka zaidi, kwa sababu vimeng'enya vilivyoamka vilianza kutumia akiba ndogo ambayo tezi haikuweza kuijaza tena. Watafiti wakahitimisha kwamba mahali kama hapo madini joto sharti yatangulie, ndipo seleni ifuate.