Wali wa Maikrowevu

Huku Tarbaj, kaunti ya Wajir, kuni hutafutwa mbali. Si ajabu mama mwenye umeme kukitamani chombo cha plastiki cha kupikia wali. Mama zetu, kitazameni kitako kwanza: pembetatu yenye 5 ni polipropilini, nayo huhimili maji yachemkayo kwa nyuzi 100. Samli hupanda zaidi ya hapo. Basi kitunguu na bizari vikaangwe kwenye sufuria, ndipo vimiminwe juu ya mchele. Tundu la mvuke lisizibwe. (Ukoko hamtaupata, na watoto watanung’unika.) Wali wa futari ukibaki, usilazwe mezani hadi daku: mbegu za bakteria hustahimili kupikwa, na sumu yao haiondolewi kwa kupashwa moto. Utiwe jokofuni mapema.