Upupu, Msesewe na Sindano ya Mwezi

Mtu aliyewahi kufyeka pori huko Ngerengere, kwenye mashamba ya mkonge kando ya Reli ya Kati, haelezwi upupu ni kitu gani. Maganda yake yakishakauka, upepo kidogo tu unatosha: mtu anatupa panga, anavua shati, anatafuta majivu ya kujipaka. Lakini ndani ya ganda hilo la kero mna mbegu, na ndani ya mbegu mna levodopa, malighafi ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Wanakemia wa India waliitoa humo mwaka 1937, wakati bado haijulikani itamfaa nani.

Dopamini ni kemikali ambayo chembe za ubongo hutumia kupelekeana habari, na njia zake si moja. Kuna inayoongoza mwendo, mkono ukitumwa uende. Kuna inayogusa hamu ya kula, ya kuongea, ya kuamka asubuhi. Na kuna ile ambayo ikichachamaa, mtu husikia sauti zisizo na mwenyewe au huamini kijiji kizima kinamsema. Taabu ya dawa za akili inaanzia hapo: dawa ikimezwa haichagui njia.

Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura reserpini, dawa itokanayo na mmea wa India ulio jamaa ya msesewe, mti ambao Wachagga hutia magome yake kwenye mbege. Sungura wakalegea, masikio chini. Akawachoma levodopa, wakainuka. Kazi yake kuhusu dopamini ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Reserpini wakati huo ilikuwa ikitibu presha na wagonjwa wa akili; wapo waliotetemeka kama wazee wenye Parkinson, na wapo waliosemekana kuingia sonona, ingawa hili la pili madaktari wanalibishania hadi leo.

Klopromazini, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, na haloperidoli ya Ubelgiji ya mwaka 1958, hazimalizi dopamini kama ifanyavyo reserpini. Zinakalia viti vyake, kama abiria asiyetaka kushuka. Viti kama asilimia 65 vikikaliwa, sauti kwa wengi huanza kunyamaza. Vikikaribia 80, mwili unakakamaa. Nafasi iliyopo katikati ni nyembamba mno, na dozi inayomtosha mmoja inamzidi mwenziwe.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa akili wa Morogoro alipandishwa treni kwenda Mirembe, Dodoma, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1927. Miaka ya 1980 ilipoanza, mpango wa taifa wa afya ya akili, ukisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ulijaribiwa kwanza katika mikoa miwili, Morogoro na Kilimanjaro, ili watu watibiwe karibu na kwao. Ulikuwa uamuzi mzuri. Ila dawa zilipohamia vijijini, maudhi yake yalihamia nazo, na wa kwanza kuyaona akawa mama mzazi, si daktari.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Kijana kachomwa juzi sindano yake ya mwezi ya haloperidoli. Jioni shingo inapinda, ulimi unatoka, macho yanapanda juu. Akili ya kijiji inakimbilia jini. Kumbe misuli imenyimwa dopamini ghafla, na sindano ya promethazini au dawa ya aina ya Artane huilegeza, mara nyingi ndani ya saa moja. Hata Plasil, ya kuzuia kutapika, inaweza kuleta hali hiyo hiyo, hasa kwa watoto na vijana. Wengine miguu haitulii, wanazunguka uani usiku kucha, na nyumbani wanadhani ugonjwa umerudi. Baada ya miaka, baadhi hutafuna mdomo mtupu. Hilo Artane hailiondoi, huweza kulizidisha.

Gumu kuliko yote ni uso mkavu. Mtu hacheki, hasemi, anakaa barazani tangu asubuhi. Yaweza kuwa sonona, yaweza kuwa skizofrenia yenyewe, yaweza kuwa dozi imezidi. Amitriptilini na fluoksetini, dawa za sonona zinazojulikana zaidi kwetu, hugusa kemikali nyingine za ubongo, serotonini na noradrenalini, kuliko dopamini, kwa hiyo kama kosa ni la sindano, kumwongezea vidonge hivyo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Na upupu je? Mbegu zake zimejaribiwa kwa wagonjwa wa Parkinson, lakini kwa mtu anayesikia sauti, levodopa inaweza kuziamsha upya. Asipewe. Wala asikatishwe sindano kimya kimya, maana sauti hurudi. Nenda naye kliniki, umtajie muuguzi jina la dawa, tarehe aliyochomwa na siku shingo ilipoanza kupinda, kisha uliza kama dozi inaweza kupunguzwa.