Hofu ya Mvuke na Kalamu za Wachora Katuni

Mwaka 1829, msanii wa London aitwaye George Cruikshank alichora farasi waliokonda wakilikodolea macho gari linalopita barabarani bila kuvutwa na mnyama yeyote. Pembeni mbwa wanafurahia: farasi wakikosa kazi watachinjwa, na nyama ya kulishia mbwa itashuka bei. Gari lenyewe halikuwa ndoto ya msanii. Mwaka huohuo gari la mvuke la Goldsworthy Gurney lilisafiri kutoka London hadi Bath, na lilipofika mji wa Melksham likashambuliwa na umati.

Picha kama hizi huonyeshwa mara nyingi siku hizi kuthibitisha kwamba watu wa zamani waliogopa maendeleo. Kuzisoma hivyo ni kuwadhulumu waliozichora na waliozinunua. Ukizipanga kwa miaka yake, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820 hadi 1853, utaona lawama ikihama. Inaanzia kwenye mashine, inaishia kwa mwenye mashine.

Tuanze na mashine. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,600, na ukiufungia mvuke huo ndani ya boila ndipo unapopata nguvu ya kuzungusha magurudumu. Bamba la chuma likipasuka, sehemu ya maji ya moto mkali yaliyokuwa yamebanwa hugeuka mvuke kwa mpigo. Mwaka 1815, huko County Durham, mashine ya majaribio ya William Brunton ililipuka namna hiyo na kuua watu zaidi ya kumi. Mwaka 1834, karibu na Paisley huko Scotland, gurudumu la gari la mvuke la John Scott Russell lilivunjika, uzito wote ukaliangukia boila, nalo likalipuka na kuua abiria. Kwa hiyo Hugh Hughes alipochora mwaka 1831 abiria wa reli wakirushwa hewani vipande vipande, na kuipa picha hiyo jina la kejeli kuhusu raha za reli, alikuwa ametia chumvi kidogo tu.

Hofu ya pili ilikuwa ya riziki. Henry Alken alichora barabara ya Whitechapel, mashariki mwa London, ikiwa imejaa magari ya mvuke yanayotapika moshi, yamebandikwa majina ya kutisha kama ya mashetani. Inafaa kujua kwamba Alken aliishi kwa kuchora farasi na uwindaji, na wateja wake walikuwa wapenzi wa farasi. Nyuma yao walikuwapo madereva wa magari ya farasi, wenye nyumba za wageni za njiani, watunza mazizi na wauza majani. Hawakukosea. Reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, magari ya farasi ya njia hiyo yalipoteza abiria haraka. Siku hiyohiyo ya sherehe, mbunge William Huskisson aligongwa na treni iliyovutwa na mashine mashuhuri ya Rocket, akafariki jioni.

Reli ilipozoeleka, kalamu zikaanza kuuliza jambo jingine: nani anaumia, na nani anafaidi? Ufaransa, Honoré Daumier alichora mwaka 1843 abiria wa behewa lisilo na paa wakipinduka chali kwa sababu treni imeondoka kwa kishindo. Hapo mashine iko salama kabisa. Kinachochorwa ni namna kampuni inavyomsafirisha mtu asiye na nauli kubwa. Wasomaji wa Daumier walikuwa bado na jeraha bichi. Mei 1842, treni iliyotoka Versailles kwenda Paris iliacha reli na kuwaka moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Wengi waliteketea ndani ya mabehewa kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo kutoka nje, kama ulivyokuwa utaratibu wa kampuni.

Mwaka 1845, Uingereza ikiwa imepandwa na wazimu wa kununua hisa za reli, Cruikshank alirudi na picha ya treni iliyo dubwana, imevunja na kuingia chumba cha kulia cha familia, inafagia chakula chote mezani. Dubwana hilo halilipuki wala halimgongi mtu. Linakula akiba ya nyumba.

Kisha ikaja katuni ya jarida la Punch ya mwaka 1853, na kwangu hicho ndicho kilele cha safari yote. Ajali zilikuwa zimezidi, na Punch likapendekeza dawa: kila treni inayoondoka ifungiwe wakurugenzi wawili wa kampuni mbele ya kichwa chake. Mchoraji hakuwa na ugomvi tena na mvuke. Alikuwa ameelewa kwamba usalama una gharama, na kwamba anayeamua kulipa au kutolipa gharama hiyo hayumo hatarini.

Ukweli wa katuni hiyo ulionekana Armagh, Ireland, tarehe 12 Juni 1889. Treni ya matembezi ya shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaikata katikati ili ipandishwe nusu nusu, na mabehewa ya nyuma yakabaki yameshikiliwa na breki moja ya mkono na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Yakateleza, yakashuka kwa kasi na kugonga treni iliyokuwa ikifuata. Watu 80 walikufa, wakiwamo watoto wengi, na hapa tena milango ilikuwa imefungwa.

Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni kufunga breki ambazo mabehewa yakiachana zinashika zenyewe. Breki za namna hiyo zilikuwa zinauzwa tangu miaka ya 1870. Kilichokosekana ni mtu wa kuwalazimisha wenye kampuni kuzinunua. Wachora katuni waliliona pengo hilo mapema, na walistahili kusikilizwa kabla ya makaburi ya Armagh kuchimbwa.