Kamyo mpya ao ya okazio: tuchague gani?

Ndugu wanamemba, hapa Haut-Katanga mahindi yakikaribia kuvunwa, koperative zinatuuliza: kwa kukokota remorki, tununue kamyo mpya ya mazuti ao ya okazio?

Mpya iko na garanti, lakini inaweza kumaliza makuta yote ya sanduku. Tena motere za siku hizi zinapuliza mazuti kwa presha kubwa sana. Mazuti ya bidoni yenye maji ao uchafu inaharibu enjektere, na kijijini hakuna mashini ya kuzipima. Motere ya zamani, yenye pompe ya kawaida, inavumilia zaidi, na fundi wetu anaijua.

Lakini okazio inadanganya. Mufike asubuhi motere ikiwa baridi, muiwashe wenyewe. Moshi wa bluu: inakula mafuta ya motere. Mweupe usioisha: pengine maji inaingia ndani. Mweusi mzito: mazuti haiungui vizuri. Muangalie shasi pale remorki inafungwa. Kama kuna nyufa, muiache. Kisha muijaribu na mzigo kwenye mlima, muone kama ambreyaji inateleza.

Sisi tunashauri hivi: hata mukipata okazio nzuri, musitoe makuta yote. Mubakize ya matairi, freni na piesi. Kamyo ikilala garajini wakati wa mavuno, wachuuzi watafika shambani na bei yao, na hasara itakuwa yetu sisi wote.