Ratiba Isiyosema Kweli Haiondoi Wasiwasi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wanafunzi wetu wameupokea wosia huo kwa moyo mkunjufu, hasa mitihani inapokaribia. Aghalabu mwanafunzi hununua karatasi ya manila, akachora miraba, akaipaka rangi, kisha akaibandika ukutani juu ya kitanda chake. Baada ya juma moja ratiba hiyo husalia pambo, na moyo wa mwenyewe humdunda kuliko hapo awali. Je, kasoro iko wapi?

Swali hili si geni kwangu. Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea rasimu ya tasnifu yake. Nikaandika katika shajara yangu: "Kusoma tasnifu." Kila Jumatatu niliyahamisha maneno hayo hadi ukurasa mpya, tena kwa mwandiko mzuri zaidi. Majuma sita yakapita. Kila nilipokutana na kijana huyo nilijifanya nina haraka. Ukweli ni kwamba rasimu hiyo nilikuwa nimekwisha kuisoma siku ya pili. Nilichokiogopa ni kumwambia kwamba data yake haikutosha na kwamba ingemlazimu kurudi nyanjani, ilhali nilijua jinsi mamake alivyotaabika kumlipia karo. Shajara yangu basi ilikuwa ikidanganya. Kazi iliyoandikwa humo siyo iliyoninyima usingizi.

Neno wasiwasi tumelipata kutoka Kiarabu, ambako waswas ni mnong'ono. Maana hiyo ya asili ina funzo. Mnong'ono husumbua kwa kuwa hausikiki bayana. Ukitamkwa waziwazi, mtu huweza kuujibu.

Utafiti wa wanasaikolojia unaelekea upande uo huo. Mnamo 2011, E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba lengo lisilotimizwa humwingilia mtu mawazoni anapojaribu kusoma jambo jingine. Alipopewa nafasi ya kuweka mpango mahususi, kero hiyo ilipungua, hata kabla kazi yenyewe haijaanza. Mnamo 2018, Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, pamoja na wenzake, waliwaomba vijana 57 waandike kwa dakika 5 kabla ya kulala. Walioorodhesha shughuli za siku zijazo walipata usingizi upesi kuliko walioorodhesha yale waliyokwisha kuyatenda. Fauka ya hayo, kadiri orodha hiyo ilivyokuwa mahususi, ndivyo usingizi ulivyowahi kuja.

Umahususi huo ndio kiini cha jambo. "Kusoma Hisabati" si mpango. Ni mnong'ono ulioandikwa kwa wino. "Kumwendea mwalimu Jumanne saa saba mchana anieleze milinganyo iliyonishinda" ni mpango, maana mwandishi wake amekiri udhaifu, akataja mtu na wakati.

Hata hivyo, si kila hofu ni kazi ya kuandikwa kwenye orodha. Mwanafunzi aliyefiwa, au asiyejua iwapo kesho atafukuzwa kwa ajili ya karo, hana upungufu wa miraba. Mwalimu anayemwambia, "Panga muda wako vizuri," humtwika hatia juu ya huzuni. Mtoto kama huyo apewe sikio kwanza. Huenda baadaye likapatikana jambo moja la kutenda, kama vile kumwita mzazi au kuzungumza na mwalimu mkuu. Na huenda lisipatikane. Walau atakuwa hakuachwa peke yake.

Nami hatimaye niliufuta mstari ule wa shajara, nikaandika: "Alhamisi saa nne, kumweleza kuhusu data." Usiku huo nililala fofofo. Alhamisi ilipowadia, kijana alinisikiliza kimya, kisha akauliza swali moja tu: nilikuwa nimelijua hilo tangu lini? Nilimwambia kweli. Yale majuma sita yalikuwa yake, na hakuna ratiba ambayo ingemrudishia.

Mwalimu mwenzangu, nawe mwanafunzi, kabla ya kuchora miraba jiulize ni nini hasa unachokiogopa. Jibu hilo liandike kwanza. Rangi zitafuata.